Kumkanda mtoto mchanga nyumbani: mwongozo kamili wa mzazi

Kosa la kwanza la mtu anayeanza kumkanda mtoto mchanga huwa ni haraka. Mikono inapita mguuni mara mbili tatu kwa sekunde moja, vile tunavyojipaka mafuta wenyewe asubuhi tukiwahi daladala, na mtoto anakunja uso. Ngozi ya binadamu ina nyuzi za fahamu ambazo kazi yake ni kupokea mguso wa taratibu wa mkono wenye joto, unaokwenda kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Kasi ya sentimita 3 hivi kwa sekunde ndiyo inayoziamsha vizuri zaidi. Kwa mguu wa kichanga, kutoka pajani hadi kifundoni, hiyo ni hesabu ya polepole ya moja hadi tano. Hesabu hiyo ishike, maana yote yanayofuata yanaitegemea.

Nguvu ya mkono nayo ina kipimo chake. Bonyeza kama mtu anayepima papai sokoni kujua limeiva, bila kuliachia alama ya kidole. Mguso mwepesi mno, wa ncha za vidole, humtekenya na kumuudhi. Mzito mno humuumiza. Mkono ukishapita na ngozi ikabaki na alama, umezidisha.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mapendekezo ya huduma kwa mama na mtoto baada ya kujifungua, na humo likasema kwamba kumkanda taratibu mwili mzima mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati wake ni jambo linaloweza kufikiriwa, kwa faida inayowezekana katika kukua kwake. Lugha hiyo ni ya tahadhari, na ni sawa iwe hivyo. Masaji haitibu ugonjwa, hainyooshi miguu, haimtengenezi mtoto umbo. Inachofanya ni kumtuliza, na kukupa wewe dakika kumi za kuujua mwili wake. Mzazi anayempitishia mtoto mikono kila siku ndiye wa kwanza kugundua uvimbe mdogo kinenani, upele mpya kwapani, au mguu mmoja usiotanuka sawa na mwenzake.

Siku ambazo hakandwi

Mtoto mwenye homa, yaani joto la nyuzi 37.5 au zaidi, hakandwi. Akiwa chini ya miezi miwili anapelekwa kituo cha afya moja kwa moja. Vivyo hivyo mtoto anayepumua kwa kasi (pumzi 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia), anayekataa ziwa, aliyelegea kuliko kawaida yake, mwenye degedege, mwenye nyayo na viganja vya manjano, au ambaye kitovu chake kinatoa usaha. Hizo ni dalili za hatari, na muda wa kumkanda nyumbani ni muda wa matibabu unaopotea.

Utosi unataka maneno yake. Utosi unaodunda taratibu ni wa kawaida kabisa. Uliodidimia sana huweza kuwa dalili ya kupungukiwa maji mwilini, na uliovimba na kukaza ilhali mtoto halii unahitaji daktari siku hiyo hiyo. Hakuna mafuta wala dawa ya kubandika inayotibu lolote kati ya hayo mawili.

Kuhusu chanjo: zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huwa na sindano za mapajani. Siku ya chanjo na inayofuata, mapaja yaache. Mkande mgongo au mikono kama anataka, na akiwa na joto mwache apumzike. Sindano ya BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, inayodungwa bega la kulia Tanzania na mkono wa kushoto Kenya, huota kipele wiki kadhaa baadaye, hutunga usaha, hupasuka na kuacha kovu. Ndivyo inavyotakiwa kwenda. Kiache kikavu, usikipake mafuta wala kukikamua.

Na tumbo lisiguswe kabla kitovu hakijadondoka na kupona vizuri. Kwa watoto wengi kinadondoka ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. Hadi hapo miguu na mgongo vinatosha sana.

Saa gani, wapi, na joto kiasi gani

Saa nzuri ni ile mtoto yuko macho, ametulia, anakutazama. Hiyo kwa kawaida huja nusu saa hadi dakika arobaini na tano baada ya kunyonya. Ukimkanda tumbo limejaa maziwa, atacheua. Ukimkanda akiwa na njaa, atalia na utadhani hapendi mikono yako.

Watoto wengi wana kilio cha jioni ambacho hupanda hadi kufikia kilele mnamo wiki ya 6, kisha hupungua, na kwa wengi huisha mwezi wa 3 au wa 4. Wazazi huanza masaji katikati ya kilio hicho. Mimi naona ni kuchelewa. Kama mtoto wako huanza kulia saa kumi na mbili jioni, mkande saa kumi na moja, angali mtulivu. Akishafika kwenye kilio kikubwa anachotaka ni kubebwa kifuani, kutembezwa na kuimbiwa.

Mahali pazuri ni sakafuni: mkeka au godoro, juu yake blanketi, juu ya blanketi khanga ya zamani iliyolainika kwa kufuliwa. Sakafuni hana pa kuanguka, na kichanga aliyepakwa mafuta huteleza kuliko unavyodhani. Kaa umenyoosha miguu au umekunja, mtoto akiwa mbele yako na uso wake ukiuona. Kina mama wengi wa pwani hukaa wamenyoosha miguu na kumlaza mtoto juu ya mapaja yao, na mkao huo ni mzuri sana kwa kichanga wa wiki za mwanzo kwa sababu joto la mwili wa mama linampanda.

Joto ni jambo zito. Kichanga hupoteza joto haraka, na ngozi tupu hupoa upesi zaidi kukiwa na upepo. Dar es Salaam au Mombasa, zima feni na ufunge dirisha la upande wa upepo, basi. Njombe, Makete, Lushoto au Limuru mambo ni mengine: subiri saa sita mchana, jua likiwa limepasha chumba, na umkande akiwa amevuliwa sehemu moja tu, miguu kwanza, kisha ivishwe, ndipo kifua. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kupasha joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa huua mama na mtoto wakiwa wamelala. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, ikiwekwa kwenye blanketi kabla ya kumlaza mtoto na kuondolewa anapolazwa, inatosha.

Andaa vitu kabla hujamvua: mafuta kwenye kisosi, taulo, nepi safi, nguo zake, na khanga ya pili ya kumfunika sehemu usiyoikanda. Ukianza, usinyanyuke kwenda kutafuta kitu.

Mafuta

Kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki jibu ni mafuta ya nazi, na ni jibu zuri. Yachague yasiyo na manukato wala rangi. Ukitengeneza mwenyewe, kuna nazi, kamua tui zito, lichemshe kwa moto mdogo ukikoroga hadi maji yakauke na machicha madogo yaanze kuwa kahawia, kisha chuja kwa kitambaa safi mara mbili. Maji yakibaki ndani, mafuta yatachacha. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko, na usichovye kidole ndani. Mimina kidogo kwenye kisosi kila mara. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo wa nyanda za juu atayakuta magumu asubuhi. Iweke chupa ndani ya bakuli la maji ya moto dakika chache. Usiyapashe jikoni.

Mafuta ya alizeti nayo yanatumika. Katika utafiti uliofanywa Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2005, watoto njiti waliolazwa hospitali wakapakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko ambao hawakupakwa. Ile ni hali ya hospitali na watoto wadogo mno, haina maana kwamba kila mtoto ayahitaji. WHO haipendekezi kumpaka mtoto mwenye afya mafuta kila siku kwa nia ya kuzuia magonjwa ya ngozi. Kwa masaji, mafuta ni ya kuuwezesha mkono uteleze, basi: nusu kijiko cha chai kwa mwili mzima wa kichanga kinatosha. Mtoto anayeng'aa na kudondosha mafuta amepakwa mengi mno.

Ya kuacha ni haya. Mafuta ya zaituni, ingawa yana heshima kubwa, yana kiasi kikubwa cha asidi ya oleiki inayodhoofisha utando wa juu wa ngozi, na ngozi ya kichanga bado nyembamba. Mafuta ya haradali huwasha. Mafuta ya karanga sitayaweka kwenye ngozi ya mtoto kwa sababu ya mzio. Chochote chenye kafuri, mentoli, karafuu au mkaratusi, pamoja na zile dawa za kuchua za makopo ya bati, kiwekwe mbali naye: kafuri ikiingia mwilini mwa mtoto mdogo huleta degedege. Poda pia haifai, maana vumbi lake huingia mapafuni.

Kabla ya matumizi ya kwanza, paka tone moja ndani ya mkono wake, chini ya kiwiko, na usubiri hadi kesho. Pasipotoka upele wala ngozi kubadilika rangi, endelea. Mtoto mwenye pumu ya ngozi, au mwenye ngozi iliyopasuka, aonwe kwanza na mtaalamu.

Kumwomba ruhusa

Vua pete, saa na bangili. Kata kucha. Nawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Mimina mafuta kiganjani, sugua viganja viwili hadi uyasikie yamepata moto, kisha viweke mbele ya macho yake na umwambie unachokwenda kufanya. Sema jina lake. Kichanga haelewi maneno, lakini ndani ya wiki chache sauti ile ile, harufu ile ile ya nazi na mikono inayosuguana vitamjulisha kinachokuja.

Sasa weka viganja vyote viwili juu ya mapaja yake, bila kusogeza, na usubiri pumzi tatu au nne. Mtazame. Akilegeza ngumi, akakutazama, akapeleka mkono mdomoni kwa utulivu, amekubali. Akigeuza uso pembeni, akatanua vidole vyote kwa kukaza, akapinda mgongo nyuma, akaanza kwikwi au miayo mfululizo, au ngozi ikawa na mabaka ya ubaridi, anasema bado. Mfunike, mbebe, jaribu baadaye au kesho. Na hata ukiwa katikati, ishara hizo zikija, unaacha. Kumkanda mtoto anayelia ili umalize hatua zilizobaki kunamfundisha kwamba kilio chake hakisikiki.

Miguu: anzia hapa

Miguu ndiyo sehemu ambayo mtoto amezoea kuguswa, kwa sababu ya nepi, na ndiyo iliyo mbali na uso. Kwa wiki ya kwanza ya mazoezi unaweza kuishia hapo kabisa.

Shika kifundo cha mguu wa kulia kwa mkono wako mmoja, ukikibeba tu, usikivute. Mkono wa pili uuzungushe paja karibu na kinena, kidole gumba juu na vidole vingine chini, kisha ushuke nao hadi kifundoni ukihesabu moja hadi tano. Kabla mkono huo haujaachia, ule wa kwanza uwe umeshapanda pajani kuanza upya. Daima mkono mmoja uwe umemgusa. Mtoto mchanga akiachiwa ghafla hushtuka, hutupa mikono pembeni na kulia. Mguso usiokatika humwepusha na hilo. Rudia mara tano au sita.

Kisha nyayo. Tumia kidole gumba, kutoka kisigino kwenda vidoleni, taratibu. Ukipitia ukingo wa nje wa unyayo, vidole vyake vitatanuka na dole gumba litapanda juu. Ukibonyeza kidogo chini ya mizizi ya vidole, vitajikunja na kukukamata. Mambo yote mawili ni ya kawaida katika umri huu, na ni ya kupendeza kuyaona. Zungusha kila kidole kati ya ncha za vidole vyako viwili. Kwenye kifundo, chora viduara vidogo kuzunguka mfupa.

Malizia kwa kuuviringisha mguu kati ya viganja vyako viwili, kutoka gotini kushuka, halafu uhamie mguu wa kushoto.

Hapa ndipo pa kusema jambo kubwa kuliko yote ya mwongozo huu. Mtoto mchanga hukaa amekunja miguu na magoti yametazama nje. Ndivyo alivyokaa tumboni, na ndivyo nyonga zake zinavyotaka ziwe katika miezi ya mwanzo, kwa sababu kikombe cha mfupa wa nyonga bado ni laini na kinajitengeneza kwa kuzunguka kichwa cha paja. Kumvuta miguu inyooke, kuibana pamoja au kuifunga kwa kitambaa imenyooka ili asiwe na matege huweza kuichomoa nyonga mahali pake. Kupinda kidogo kwa miguu ya kichanga hujirekebisha kwa kukua na kutembea. Mbeleko yetu ya mgongoni, inayomweka mtoto amepanua miguu na magoti yamekunjwa, inafanya kazi nzuri kwa nyonga kuliko mkono wowote unaonyoosha. Ukiona mguu mmoja hautanuki sawa na mwenzake, au mmoja unaonekana mfupi, mweleze mtoa huduma wa kliniki.

Tumbo, kwa ajili ya gesi

Tumbo huenda upande mmoja tu: kwa mwelekeo wa mishale ya saa ukilitazama. Utumbo mpana hupanda upande wa kulia wa mtoto, hukatiza chini ya mbavu, hushuka upande wa kushoto. Gesi na kinyesi hufuata njia hiyo, na mkono wako uzifuate.

Anza kwa kuweka kiganja kizima juu ya tumbo, bila kusogeza, hadi ulisikie likipanda na kushuka. Kisha chora duara kubwa kuzunguka kitovu kwa vidole vilivyolala bapa. Kwa kuwa mtoto amelala mkitazamana uso kwa uso, upande wake wa kulia uko kushoto kwako: anzia chini kushoto kwako, panda, katiza juu, shuka kulia kwako. Duara sita au saba zinatosha. Baki chini ya mbavu. Usibonyeze pale mbavu zinapokutana.

Halafu shika magoti yote mawili na uyasukume taratibu kuelekea tumboni, shikilia kwa hesabu ya tano, achia. Rudia mara tatu au nne. Baadaye mwendeshe miguu kwa zamu, goti moja likija lingine likienda. Mara nyingi ujambo utakuja hapa hapa, na uso wake utakuambia kwamba kazi imefanyika.

Tumbo gumu lililojaa na mtoto anatapika matapishi ya kijani, au choo chenye damu, ni safari ya hospitali. Usiliguse. Na kama nyumbani wanasema ni mchango, dawa ya kienyeji ya kunywesha isitolewe. Mtoto wa chini ya miezi sita hunywa maziwa ya mama peke yake.

Kifua, mikono na uso

Kwenye kifua weka viganja viwili katikati, vitenganishe kuelekea pembeni kufuata mbavu, vishushe na kuvirudisha katikati chini. Mara nne. Baadhi ya vichanga, wa kike na wa kiume, huwa na matiti yaliyovimba na hata kutoa tone la maziwa kutokana na homoni za mama. Yapite bila kuyagusa. Kuyakamua, jambo ambalo bado linafanywa majumbani, huingiza vijidudu na kuleta jipu. Ukiyaacha, uvimbe huisha wenyewe baada ya wiki chache.

Mikono ifanye ulivyofanya miguu, kutoka begani kwenda kifundoni, lakini tarajia upinzani. Vichanga wengi hupenda kuweka mikono kifuani na hawataki kuinyoosha. Mkande ilivyokunjwa hivyo hivyo. Usimfungue ngumi kwa nguvu. Sugua nyuma ya kiganja na itafunguka yenyewe. Kwapani na shingoni, kwenye vile vikunjo, futa mafuta yasibaki, kwani hapo ndipo joto na unyevu huzaa vipele.

Uso si wa lazima. Ukitaka, tumia vidole gumba bila mafuta ya kuongeza: kutoka katikati ya paji la uso kwenda pembeni, kisha kutoka pembeni mwa pua kupita mashavuni hadi masikioni. Ukigusa shavu na akageuza kichwa akifungua mdomo, anatafuta ziwa, mpe. Mafuta yasiingie puani, masikioni wala machoni. Tone la mafuta au samli puani huweza kuteremka hadi mapafuni na kuleta nimonia ngumu kutibika.

Mgongo

Mgeuze alale kifudifudi juu ya mapaja yako kwa kukingama, kichwa kimegeukia upande na pua iko huru. Pitisha viganja kwa zamu kutoka kisogoni kushuka hadi matakoni, kimoja kikifika kingine kinaanza. Kisha viduara vidogo pande zote mbili za uti wa mgongo. Juu ya mfupa wenyewe usibonyeze. Watoto wengi husinzia hapa.

Akisinzia, mfute mafuta yaliyozidi, mvishe, na umlaze chali. Kulala kifudifudi ni kwa wakati yuko macho na wewe uko pale ukimtazama. Ukitaka kumnyanyua ukiwa bado na mafuta mikononi, mfunge kwanza ndani ya khanga ndipo umbebe.

Jumla ya yote hayo ni dakika tano kwa wa wiki mbili, na kumi hadi kumi na tano kwa wa miezi miwili mitatu.

Mikono ya bibi

Ndani ya zile siku arobaini, mara nyingi anayemwogesha na kumkanda mtoto ni bibi, mama mkwe au shangazi. Mikono ile ina mambo mengi ya kujifunza: jinsi inavyompokea mtoto bila kusita, nyimbo zake, ule mkao wa miguuni. Pamoja na hayo kuna desturi zinazopaswa kuachwa: kubonyeza kichwa ili kiwe cha duara, kuvuta pua, kumning'iniza mtoto kwa miguu kichwa chini, kumrusha hewani, kuvuta mikono hadi ialike. Kichwa kilichochongoka wakati wa kuzaliwa hujirudi chenyewe. Kumning'iniza au kumtikisa kunaweza kuleta damu kwenye ubongo.

Kulisema hilo bila kumvunjia mtu heshima kunawezekana. Mkaribie akiwa kazini, kabla hajafika kwenye kunyoosha, na uombe nafasi: "Mama, mikono yako anaipenda, ona alivyotulia. Hapa miguuni naomba tumwache akunje tu. Nesi wa kliniki ametwambia nyonga zake bado laini." Bibi wengi watajibu kitu kama "haya mwanangu, mambo yamebadilika," na wataendelea na mgongo. Akikataa, baba wa mtoto azungumze na mama yake mwenyewe. Bora zaidi nendeni naye kliniki ahudhurie miadi, ayasikie kwa mtaalamu.

Baba naye akande. Mtoto anayenyonyeshwa na mama humjua baba kwa njia chache, na hii ni mojawapo nzuri sana. Mkono mkubwa wenye joto uliolala juu ya tumbo dogo hufanya kazi sawa na wa mama. Na kwa mama ambaye wiki zinapita bado hana hamu ya kumgusa mtoto, analia bila sababu au halali hata mtoto akilala: hiyo ni hali inayotibika, na nesi wa kliniki ya mtoto ndiye wa kuambiwa kwanza.

Mtoto njiti

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzito chini ya kilo 2.5 huchoshwa na mkono unaotembea. Mshike tu: kiganja kimoja kichwani, kingine miguuni akiwa amekunja, bila kusugua. Kubwa zaidi kwake ni kukaa kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzishwa na daktari Edgar Rey Sanabria huko Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na ambayo WHO sasa inataka ifanywe saa 8 hadi 24 kwa siku. Kumkanda kuanze pale tu wahudumu wanaomfuatilia watakaposema amekuwa tayari.

Akishaanza kubingirika

Kati ya mwezi wa 4 na wa 6 mtoto yule yule aliyekuwa akilala chali na kukutazama ataanza kugeuka, kushika kisosi cha mafuta na kutaka kwenda zake. Usimrudishe kwa nguvu. Mkande mgongo akiwa amelala kifudifudi anachezea kijiko, au miguu akiwa amekaa mapajani mwako. Mpe kitu cha kushika, kisosi kiweke mbali na mkono wake. Siku nyingine utapata mguu mmoja tu kabla hajaondoka, na mguu mmoja unatosha kwa siku hiyo. Wengi huipenda zaidi baada ya kuoga usiku, wakiwa wamechoka kubingirika, nepi imeshavalishwa, na dakika tatu za nyayo zinatosha kuwapeleka kitandani.